Brigedia Jenerali: Mwongozo wa Kukijua Cheo, Kazi na Ukubwa Wake

Huenda umepewa kazi ya ushereheshaji kwenye mahafali ya shule, na mgeni rasmi ni Brigedia Jenerali. Huenda wewe ni mwandishi wa habari, na taarifa ya uteuzi kutoka Ikulu imekufikia dakika chache kabla ya kwenda hewani. Au una kijana aliyechaguliwa kwenda chuo cha kijeshi cha Monduli, na ungependa kujua njia aliyoianza inafika wapi. Katika hali zote hizo utahitaji kukielewa cheo hiki vizuri, maana ndipo ukanali unapoishia na ujenerali unapoanza, na ndipo watu wengi wanapochanganya mambo.

Nitatumia zaidi mfano wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, JWTZ, kisha nitagusa majeshi ya jirani pale yanapotofautiana. Kabla ya yote, shika jambo moja: cheo na madaraka ni vitu viwili. Cheo huvaliwa begani na humfuata afisa popote aendapo. Madaraka yamo kwenye barua ya uteuzi, na hubaki ofisini siku anapohamishwa. Ukitenganisha hayo mawili, sehemu kubwa ya mkanganyiko itakuondoka.

1. Mweke kwanza kwenye ngazi

Maafisa wa JWTZ, kuanzia chini kwenda juu, ni hawa: Luteni Usu, Luteni, Kapteni, Meja, Luteni Kanali, Kanali, Brigedia Jenerali, Meja Jenerali, Luteni Jenerali na Jenerali. Brigedia Jenerali ni wa saba kati ya kumi. Chini yake wapo maafisa wa vyeo sita, na chini ya hao wapo maafisa wateule, masajenti, makoplo na askari wa kawaida. Juu yake vimebaki vyeo vitatu tu.

Hapo kuna mtego unaowanasa wengi. Meja ni mkubwa kwa Luteni, lakini Luteni Jenerali ni mkubwa kwa Meja Jenerali. Sababu ni ya kihistoria: zamani huko Uingereza, Meja Jenerali aliitwa sajenti meja jenerali, na sajenti siku zote yuko chini ya luteni. Neno sajenti lilipoachwa, mpangilio ulibaki vilevile. Kwa hiyo majenerali wapange hivi: Brigedia, Meja, Luteni, kisha Jenerali kamili.

Kileleni, Jenerali aliye kazini ni Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi, na anayemfuata ni Mnadhimu Mkuu, mwenye cheo cha Luteni Jenerali. Mwishoni mwa Juni 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alimpandisha Meja Jenerali Jacob John Mkunda kuwa Jenerali na kumteua kuwa Mkuu wa Majeshi, na Salum Haji Othman akapanda kuwa Luteni Jenerali na Mnadhimu Mkuu. Angalia kwamba Jenerali Mkunda alitoka Meja Jenerali akafika juu kabisa bila kusimama kwenye ngazi ya katikati. Katiba, kwenye ibara ya 148, inampa Rais, akiwa Amiri Jeshi Mkuu, mamlaka ya kuteua viongozi wa majeshi. Ngazi ya vyeo inaonyesha nani yuko juu ya nani leo. Nani atapanda kesho ni uamuzi wa Amiri Jeshi Mkuu.

2. Elewa kazi ya asili: kuongoza brigedi

Jina la cheo linatokana na brigedi, na brigedi ndiyo kipimo kizuri cha uzito wake. Anza chini. Seksheni ina askari wapatao kumi. Seksheni kadhaa hufanya platuni, inayoongozwa na Luteni. Platuni kadhaa hufanya kombania, chini ya Meja au Kapteni. Kombania kadhaa hufanya kikosi, chini ya Luteni Kanali au Kanali. Vikosi kadhaa, pamoja na mizinga, uhandisi, mawasiliano, tiba na usafirishaji, hufanya brigedi. Kwa kawaida, duniani kote, brigedi huwa na maafisa na askari kati ya 3,000 na 5,000.

Ukiwa Zanzibar utasikia Brigedi ya Nyuki, Tabora kuna Brigedi ya Faru, na Songea kuna Brigedi ya Tembo. Kamanda wa brigedi ndiye anayeishikilia yote kwa pamoja. Kamanda wa kikosi anaweza kuwajua maafisa wake wote kwa majina na kufika kwenye kila kombania kwa siku moja. Kamanda wa brigedi hawezi. Yeye huongoza kupitia makamanda wengine na kupitia wanadhimu wake: wa operesheni, wa utumishi, wa ugavi na wa mawasiliano. Kwa hiyo kazi yake kubwa ni kuamua wapi nguvu ielekezwe, lini, na kwa akiba gani, kisha kuhakikisha risasi, mafuta, chakula na dawa vimefika kabla ya askari kuvihitaji.

Kama unataka kuona kazi hiyo ilivyo, tazama Lukaya, Machi 1979. Wakati wa vita vya Kagera kati ya Tanzania na Uganda, Divisheni ya 20 chini ya David Musuguri ilikuwa imeiteka Masaka na kuelekea Kampala. Barabara ya kwenda huko inapita Lukaya, kwenye eneo la kinamasi ambako magari hayawezi kutoka nje ya tuta. Brigedi ya 201 ya Brigedia Imran Kombe, iliyojaa wanamgambo ambao hawakuwahi kuonja vita, ilifika hapo tarehe 10 Machi. Ikakutana na vifaru na maroketi ya Katyusha ya kikosi cha Libya kilichokuja kumsaidia Idi Amin, mtawala wa Uganda. Maroketi mengi hayakulenga, lakini kishindo chake kilitosha kuvunja safu za watu wasioyazoea, na wengi wakarudi nyuma.

Brigedi ya 208 ya Brigedia Mwita Marwa ilikuwa kilomita zipatazo 60 kaskazini-magharibi. Musuguri aliiagiza igeuke na kuiendea barabara ya Kampala. Alfajiri ya tarehe 11 ilikuwa imefika na kushambulia ubavuni, huku Brigedi ya 201, iliyokwisha kujipanga upya, ikishambulia kutoka mbele. Majeshi ya Amin na ya Libya yakavunjika. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 11 Aprili, Kampala ilikuwa mikononi mwa JWTZ na wapiganaji wa Uganda walioungana nayo.

Wapime makamanda wale wawili. Mmoja alitakiwa kuwarejesha kwenye mstari maelfu ya watu waliokwisha kutishika, usiku, wakiwa wametawanyika. Mwingine alitakiwa kuugeuza msafara wa maelfu kwenye giza, upande ambao haukuwa umepangwa, na kuufikisha ukiwa bado una nguvu za kupigana. Hakuna kati yao aliyeweza kufanya hivyo kwa sauti yake mwenyewe. Kila amri ilipita kwa makamanda wa vikosi, wa kombania na wa platuni. Uwezo huo ndio cheo hiki kinaoudai, na ndiyo sababu hakitolewi kwa afisa asiyewahi kuongoza ngazi za chini.

3. Soma barua ya uteuzi, usisome bega peke yake

Si kila Brigedia Jenerali ana brigedi. Wengine ni wakurugenzi Makao Makuu ya Jeshi, wengine wakuu wa vyuo vya kijeshi, wengine waambata jeshi kwenye balozi. Hospitali Kuu ya Jeshi Lugalo imekuwa ikiongozwa na madaktari wenye cheo hiki. Daktari huyo ni jenerali kwa hadhi na heshima, na kila Kanali humpigia saluti. Lakini hawezi kukiamuru kikosi cha mizinga kiondoke kambini, kwa kuwa kikosi hicho hakimo kwenye mlolongo wake wa amri.

Wakati mwingine kazi yenyewe ni ya kiraia. Brigedia Jenerali Marco Gaguti aliwahi kuwa Mkuu wa Mkoa wa Kagera kisha wa Mtwara, na Brigedia Jenerali Nicodemus Mwangela aliongoza Mkoa wa Songwe. Waliongoza kamati za ulinzi na usalama za mikoa yao kwa sababu walikuwa wakuu wa mikoa. Raia asiye na cheo chochote cha kijeshi, akiteuliwa kuwa Mkuu wa Mkoa, anakuwa na mamlaka hayohayo.

Mfano ulio wazi zaidi uko mashariki mwa Kongo. Tarehe 28 Machi 2013 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha Azimio namba 2098 na kuanzisha brigedi maalumu ndani ya MONUSCO, ujumbe wake wa kulinda amani nchini humo. Ilikuwa na vikosi vitatu vya askari wa miguu, kombania ya mizinga na kombania ya makomandoo na upelelezi, na makao makuu yake yakiwa Goma. Askari walitoka Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, na kamanda wake wa kwanza alikuwa Brigedia Jenerali James Mwakibolwa wa JWTZ. Juu yake alikuwepo kamanda wa majeshi yote ya MONUSCO, Luteni Jenerali Carlos Alberto dos Santos Cruz wa Brazil. Afisa wa Kitanzania akawaamuru Waafrika Kusini na Wamalawi, naye akaamriwa na Mbrazili, yote kwa nguvu ya uteuzi wa Umoja wa Mataifa. Novemba mwaka huohuo, waasi wa M23 walioshindwa na jeshi la Kongo likisaidiana na brigedi hiyo walitangaza kusitisha vita.

Kwa hiyo kila unapokutana na jina lenye cheo hiki, uliza swali la pili mara moja: ameteuliwa kuwa nani?

4. Wakiwa wawili, nani mkubwa?

Swali hili huwasumbua watu wa itifaki kuliko yote. Maafisa wawili wana cheo kilekile. Nani akae mbele, nani atambulishwe mwisho?

Fuata mpangilio huu:

- Tazama cheo. Aliye Meja Jenerali yuko juu ya Brigedia Jenerali, hata kama ni mdogo kwa umri.
- Vyeo vikilingana, tazama tarehe ya kupandishwa. Aliyetangulia kupanda ndiye mkubwa.
- Wakiwa wamepandishwa siku moja, jeshi lina orodha yake ya ukubwa kazini. Usikisie, piga simu ofisi ya afisa mwenyewe au uulize mpambe wake.
- Kwenye eneo la kazi, mwenye dhamana ya mahali ndiye mwenyeji. Kamanda wa brigedi anaweza kumpokea mwenziwe aliyemtangulia kupanda cheo na kumpa heshima zote za ukubwa, lakini amri juu ya brigedi zinabaki kwake.
- Mstaafu hubaki na cheo chake pamoja na neno mstaafu. Anastahili heshima, ila hana tena madaraka ya kuamuru.

Usijaribu kulinganisha vyeo vya jeshi na vya polisi, magereza au uhamiaji kwa kutazama mabega. Kila chombo kina jedwali lake.

5. Jifunze kusoma mabega, na usihesabu nyota tu

Majeshi ya Afrika Mashariki yaliyorithi mtindo wa Kiingereza yalibadili taji la mfalme yakaweka alama ya taifa lao. Kwa mtindo huo, Meja huvaa alama hiyo peke yake. Luteni Kanali huongezewa nyota moja, Kanali nyota mbili. Brigedia huwa na alama ya taifa na nyota tatu zilizopangwa kwa umbo la pembetatu chini yake. Kuanzia Meja Jenerali sura inabadilika: unaona upanga na fimbo ya amri vilivyopishana. Kitu kingine cha kutazama ni kola. Kwenye mtindo huo, vipande vyekundu kolani huanzia kwa Kanali, kwa hiyo ukiviona ujue uko mbele ya afisa mwandamizi hata kabla hujaona bega.

Kuhesabu nyota peke yake kutakupotosha. Kapteni naye ana nyota tatu, lakini hana alama ya taifa juu yake. Na ukivuka bahari, Brigedia Jenerali wa Marekani ana nyota moja tu, wakati mwenzake wa Ufaransa ana mbili. Hao wote wako ngazi moja.

6. Angalia unapovuka mpaka

Tanzania na Rwanda husema Brigedia Jenerali. Kenya husema Brigedia, bila neno jenerali. Uingereza nayo iliacha jina la Brigedia Jenerali baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na tangu 1928 inatumia Brigedia peke yake. Huko afisa huyo hahesabiwi miongoni mwa majenerali. Kwa Kongo na Burundi, zenye jadi ya Kifaransa na Kibelgiji, ni jenerali wa brigedi. Ukiwa mfasiri, chukua tahadhari na maandishi ya Kifaransa: katika jeshi la Ufaransa, anayeitwa brigadier peke yake ni askari wa ngazi ya koplo kwenye vikosi vya farasi na mizinga. Ukimwandika kuwa Brigedia utakuwa umempandisha ngazi nyingi kwa kosa la kalamu.

Kumbuka pia kwamba uzito wa cheo hubadilika na ukubwa wa jeshi. JWTZ ilipoundwa tarehe 1 Septemba 1964, baada ya maasi ya Januari mwaka huo, mkuu wake wa kwanza, Mrisho Sarakikya, alikuwa na cheo cha Brigedia. Jeshi lilikuwa dogo, na cheo hicho kilitosha kuliongoza lote. Vilevile, ukisoma habari za vita vya Kagera utakuta makamanda kama Walden, Mayunga, Kombe na Marwa wakiitwa Brigedia tu. Waandike kama walivyoitwa wakati ule.

7. Kwa kijana anayekitazama cheo hiki kwa mbali

Njia ni ndefu na haina mkato. Huanza Chuo cha Mafunzo ya Kijeshi Monduli, ambako afisa mwanafunzi hutunukiwa kamisheni na Amiri Jeshi Mkuu na kuwa Luteni Usu. Hapo huanza miaka ya kuongoza platuni, kisha kombania, huku akirudi darasani kila mara. Akifika ngazi ya kati huenda Chuo cha Ukamanda na Unadhimu, Duluti, kujifunza kupanga mapambano ya vikosi vingi kwa pamoja. Akiwa Kanali au Brigedia Jenerali anaweza kuchaguliwa kwenda Chuo cha Taifa cha Ulinzi, Kunduchi, anakosoma usalama wa taifa kwa upana wake, akiketi na watumishi waandamizi wa serikali.

Nafasi hupungua kila ngazi. Makanali wengi wenye sifa hustaafu wakiwa Makanali, na hilo si aibu, maana nafasi za majenerali ni chache. Kijana aelewe pia kwamba Katiba, ibara ya 147, inamkataza mwanajeshi kujiunga na chama cha siasa, ingawa haki ya kupiga kura anabaki nayo. Anayetamani cheo hiki akubali sharti hilo mapema na kwa moyo mweupe.

Wasichana wasidhani mlango umefungwa. Nchini Kenya, Fatuma Gaiti Ahmed alikuwa mwanamke wa kwanza kufikia cheo cha Brigedia mwaka 2015. Mwaka 2018 akawa Meja Jenerali, na mwaka 2024 akateuliwa kuwa kamanda wa Jeshi la Anga la Kenya.

8. Unapomwandikia, unapomtambulisha, unapozungumza naye

- Cheo hutangulia jina na hutangulia shahada: Brigedia Jenerali Dkt. Fulani, kamwe si Dkt. Brigedia Jenerali.
- Andika cheo kamili mara ya kwanza, kisha taja madaraka: Brigedia Jenerali Fulani, Kamanda wa Brigedi ya Faru.
- Usimkate cheo ukamwita Brigedia kwenye hotuba rasmi Tanzania. Tofauti hiyo ina maana kwake na kwa maafisa walio mbele yake.
- Wanajeshi humwamkia na kumwitikia kwa neno afande, na raia akilitumia havunji adabu. Raia hapigi saluti. Simama wima, msalimu kwa heshima kama unavyomsalimu mkubwa yeyote, inatosha.
- Usimwombe jambo lililo nje ya madaraka yake. Mkuu wa chuo hawezi kumhamisha kijana wako kikosi, na mwambata jeshi hagawi nafasi za kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, JKT. Ombi la namna hiyo linamweka pabaya afisa mwadilifu, na linaharibu jina la kijana kabla hajaanza kazi.
- Usiandike wala kutangaza alipo afisa aliye kwenye operesheni, idadi ya askari wake au safari zake, hata kama umezijua kwa nia njema.

Kila utakapoliona jina la Brigedia Jenerali, jiulize maswali matatu: ana cheo hiki tangu lini, ameteuliwa kuwa nani, na ni nani anayempa amri? Ukiyajibu hayo umemjua. Kisha liandike jina lake bila kosa na ukipe cheo chake nafasi inayokistahili, kwa sababu nyuma ya mabega yale kuna maelfu ya vijana wa nchi hii ambao maisha yao hutegemea uamuzi wake.